Jicho la flai si pambo

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu wa jiliwa na uzi, hamjambo. Asanteni kwa kuja licha ya mvua na foleni ya Thika Road.

Nimeombwa nizungumzie macho ya flai za kuvulia samaki, yaani vile vyambo bandia tunavyovifunga kwenye ndoana kwa uzi, nywele na manyoya, nami nimefurahi, kwa kuwa hakuna sehemu ya kazi yetu inayofanywa kwa pupa kama hiyo. Wengi wetu hapa Nairobi tunafunga kwa dazani, tukifuata sampuli iliyotoka ng'ambo, kwa ajili ya mito na bahari ambazo hatujawahi kuzitia mguu. Fundi akiona sampuli ina vidoti viwili kichwani, anavibandika na kushika ndoana nyingine. Mkono wake ni hodari, lakini hajaambiwa vile vidoti vina kazi gani. Jicho ndilo linaloamua flai izame kwa kasi gani, ikae ikiwa imegeukia upande upi, na samaki aipige wapi.

Tuanze na samaki mwenyewe. Anayewinda samaki wenzake mara nyingi hulenga kichwa, kwa sababu kichwa ndicho kinachoonyesha windo linakimbilia wapi, na kummeza samaki kuanzia kichwani ni rahisi kuliko kuanzia mkiani. Samaki-kipepeo wa matumbawe, kama wale wa Watamu, wengi wana mstari mweusi unaolificha jicho la kweli, na baadhi yao wana doa jeusi karibu na mkia. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba doa hilo humhadaa adui aume mkia, na mwenyewe apate kuponyoka. Sisi tunataka kinyume chake. Flai ya manyoya marefu ina ndoana mbele, kwa hiyo jicho lazima likae mbele, karibu na chuma, ili samaki asing'ate mkia mtupu. Tena samaki wachanga wana macho makubwa ukilinganisha na miili yao. Ukiiga dagaa mdogo, usione haya kukuza jicho.

Sasa uzito. Mwaka 1977, kisiwani Andros huko Bahamas, ilizaliwa flai iitwayo Crazy Charlie, yenye macho ya shanga mbili zilizokatwa kwenye mnyororo mwembamba. Miaka kumi baadaye Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, akatoa Clouser Minnow kwa kutumia macho ya madini ya risasi yenye umbo la dambeli, kile chuma cha mazoezi chenye vichwa viwili. Siri ya flai zote mbili ni moja: macho hufungwa upande wa shina la ndoana usio na ncha. Uzito ukikaa huko, flai inapinduka majini na ncha inaangalia juu, kwa hiyo haikwami kwenye mawe wala matumbawe. Ukikosea ukayafunga upande wa ncha, macho ni yaleyale na bei ni ileile, lakini mnunuzi atapoteza flai mtupo wa kwanza.

Mliokaa nyuma sogeeni, hili linataka kuonekana. Kwanza tandika uzi kwenye shina, kwa maana chuma juu ya chuma kitupu huteleza. Weka macho yapata theluthi moja ya shina kutoka kwenye tundu la kufungia mshipi, ili kichwa kipate nafasi ya nywele na fundo. Pitisha uzi kimshazari, kulia kwenda kushoto, kisha kushoto kwenda kulia, kwa mtindo wa namba nane, kama mizunguko kumi kila upande. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaporuka, zungusha uzi kwa ulalo chini ya macho, juu ya shina, bila kuligusa shina. Mizunguko hiyo ya ulalo ndiyo inayokaza ile ya nane. Weka tone moja la supaglu. Ikikauka, shika macho kwa vidole ujaribu kuyazungusha. Yakicheza hata kidogo, fungua uanze upya, kwa sababu samaki atayazungusha zaidi yako.

Mnyororo wa shanga si lazima utoke ng'ambo. Ule wa kizibo cha sinki, unaopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini, unafaa kabisa. Nendeni na sumaku ndogo: mnyororo ukinaswa kwa nguvu, huenda ni chuma kilichopakwa rangi tu, na maji ya chumvi yatautia kutu mapema.

Kuhusu risasi nitasema bila kuficha. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vipande vingi vya risasi vya kuvulia mwaka 1987, baada ya mabata-maji kufa kwa kuvimeza. Lakini wanaodhurika si ndege tu. Hapa kuna akina mama wanaoshika macho ya risasi kutwa nzima, kisha wanakula chapati kwa mikono hiyohiyo, na wengine ni wajawazito. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya chakula, usishike uzi kwa meno, na mwenye karakana anunue macho ya shaba au tungsteni. Shaba ya njano ni nyepesi kidogo kuliko risasi, yapata gramu 8.5 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 11.3. Tungsteni ina 19.3, ila bei yake inauma.

Jicho ninalolipenda kuliko yote ni la flai ya kamba, yule mnyama wa majini. Chukua mshipi wa nailoni wa milimita moja hivi, ubane kwa kibanio cha chuma, ncha ikitazama juu. Usogeze pembeni mwa moto wa kiberiti cha gesi, usiuingize ndani. Nailoni itajikunja yenyewe iwe kijitufe, nawe utoe mara moja. Usikiguse: nailoni iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi. Kichovye kwenye rangi nyeusi ya kucha, kichomeke kwenye sponji kikauke, kisha kipake gundi angavu ili king'ae. Kamba akishtuka hukimbia kinyumenyume, kwa hiyo macho yake hufungwa kwenye pindo la ndoana, si karibu na tundu. Nimeona dazani nzima zimefungwa kinyume, na ufundi wake ulikuwa safi.

Macho ya kubandika hayahitaji maneno mengi: gundi yake ya nyuma haidumu majini, yafunikeni kwa epoksi. Ya kuchora, tumia kichwa cha msumari kwa doa jeupe au la njano, ngoja likauke kabisa, kisha kichwa cha pini kwa doa jeusi.

Na si kila flai inadai jicho. Flai kavu ya trauti, samaki aliyeletwa kutoka Scotland mwaka 1905 akatiwa mto Gura, huelea juu, na uzito wa macho utaizamisha. Mtoto wa kereng'ende anayeishi majini, huyo mpe macho makubwa, maana macho yake ni makubwa na huonekana wazi kichwani.

Pale mezani kuna karai la maji. Kila mmoja afunge flai moja ya macho ya shanga, aitie humo ikiwa na kipande cha mshipi, aivute taratibu na kutazama ncha imeelekea wapi. Ikitazama chini, niite tuifungue pamoja.