Sola ya Paani Hailishi Betri ya Stata

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuja mapema. Nanyi wa kutoka Mbagala najua mmeamka alfajiri.

Masika yanakaribia. Kati ya Machi na Mei wageni hupungua, barabara za hifadhini hugeuka tope, na magari yetu ya kulala safarini, yale yenye hema juu na friji nyuma, huegeshwa uani. Leo nazungumzia betri ya kuwashia injini tu.

Nasema "ya kuwashia" kwa kuwa ziko mbili. Ya nyuma inalisha friji, taa na pampu ya maji. Ya mbele inapiga stata. Mimi niliegesha gari langu Tegeta miezi mitatu, paneli ya sola ikiwa paani, nikaamini betri zote zinakula jua. Nikaalika ndugu twende Saadani. Siku yenyewe nafungua mlango: taa zinawaka, friji limepoa vizuri. Nazungusha ufunguo, ka! Kimya. Tuliazima moto kwa jirani gari likawaka, lakini betri ile haikupona tena.

Sola ile ilikuwa imefungwa kwenye betri ya nyuma peke yake. Kati ya betri mbili hizo kuna rilei inayoziunganisha injini inapounguruma, na kuzitenga inapozimwa, ili friji lisinyonye moto wa kuwashia. Porini ni jambo jema sana. Uani, maana yake betri ya mbele imeachwa yatima, na haikuachwa na amani: king'ora, kifaa cha GPS, kumbukumbu ya redio na kompyuta ya gari vyote vinakunywa humo usiku na mchana. Chukulia vinakunywa miliampea 50 tu. Kwa siku ni ampea-saa 1.2 (ampea-saa ni kipimo cha moto uliomo kwenye betri), kwa mwezi 36. Betri ya ampea-saa 70 imebaki nusu! Ongeza joto la Dar: betri hujipunguza yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na kitu, na joto likipanda nyuzi 10 kasi hiyo hukaribia kuwa maradufu.

Betri haifi siku ile inapoishiwa moto. Inakufa kwa kuachwa hivyo. Moto ukitoka, bamba za risasi zinavaa salfeti laini. Ukichaji mapema, salfeti inayeyuka. Ukiiacha wiki kadhaa inaganda kuwa chembe ngumu, na hapo hata chaja nzuri haiitoi yote.

Kwa hiyo pimeni. Gari likae saa kadhaa bila kuwashwa, kisha weka mita: volti 12.6 na zaidi imejaa, 12.4 ichaji, 12.2 umebaki na nusu.

Mwenye umeme uani anunue chaja inayojishusha yenyewe hadi karibu volti 13.5 betri ikijaa. Chaja za zamani zinazosukuma bila kukoma zinachemsha maji hadi bamba zinabaki wazi. Asiye na umeme afunge paneli ndogo ya wati 10 au 20, yenye kidhibiti chake, moja kwa moja kwenye betri ya mbele. Au fundi aweke kifaa cha kupitisha ziada ya betri ya nyuma kuja mbele. Wenye Coaster zilizogeuzwa nyumba, angalieni kwanza: nyingi ni volti 24, msizichomeke kwenye chaja ya 12.

Kama hayo yote hayawezekani, na GPS si lazima, fungua waya wa hasi. Hasi kwanza, maana spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya, cheche zake zinaweza kukuunguza.

Nawaomba sana jambo hili: acheni kumwagiza mlinzi awashe gari dakika kumi kila Jumamosi. Stata ya dizeli inakula moto mwingi kwa mkupuo, altaneta, yaani dinamo inayochaji betri, inarudisha kidogo injini ikiunguruma tu bila mwendo, na mvuke wa maji unabaki kwenye ekzosi na oili. Afadhali uliendeshe hadi Bagamoyo na kurudi. Na hata hapo, betri iliyoshuka sana haijai, kwa sababu sehemu ya mwisho ya kuchaji inataka saa nyingi.

Sasa tutoke nje. Mita ninayo, na magari yaliyolala hapa tangu jana yapo manne. Tuanze na lile lenye sola.