Miembe Arobaini: Mhadhara kuhusu Shamba Letu la Mambrui

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mliojibanza kule nyuma penye feni, karibuni. Nimeombwa niseme historia ya shamba letu kwa nusu saa. Mimi nilikuwa mwalimu, na mwalimu akipewa nusu saa huchukua saa nzima, kwa hiyo mwenye haraka akae karibu na mlango.

Shamba lenyewe liko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Ukilijia kwa miguu utaona kwanza minazi, halafu kisima, halafu miembe. Nyumba ya mawe imebaki kuta mbili, na mlango wake mzuri wa kuchonga tulishauza zamani. Niachieni aibu hiyo.

Kwetu, tangu mtoto anajifunza kusema, huambiwa maneno haya: baba yake bibi alikuja kutoka Lamu kwa mashua, akiwa kijana, zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na katika mzigo wake alikuwa na kokwa za embe ngowe. Akapanda miembe arobaini kwa mkono wake. Arobaini, kwa mkono wake. Mimi nimekua na maneno hayo. Leo nataka kuyatikisa kidogo.

Ngowe mnaijua. Ni lile embe refu, jembamba, lenye ncha iliyopinda kama ngoe ya kuangulia matunda. Asili yake hutajwa kuwa Lamu, na mti wake si mrefu kama dodo. Embe apple, lile la mviringo linalowatoa jasho madalali kila Desemba, hilo asili yake hutajwa kuwa huku kwetu, karibu na Malindi. Basi huku pwani Lamu ina embe lake na Malindi ina embe lake, na mimi damu yangu ya pande mbili, msiniulize lipi tamu.

Lakini ngoja. Yule kijana hakuja Mambrui kwa ajili ya embe. Hakuna aliyekuja huku kwa ajili ya embe. Malindi ilikuwa imelala muda mrefu. Wareno walipohamishia makao yao Mombasa mwaka 1593, mji ulififia hadi ukawa magofu na kichaka. Ulipofufuliwa mwaka 1861, Sultani Majid wa Zanzibar alileta askari wa Kibulushi kuulinda, na nyuma yao wakaja Waarabu wa Oman, Washihiri, Waamu na Wabajuni, kila mtu akatafuta ardhi. Walitafuta nini? Mtama. Mtama na ufuta. Ardhi ya huku ilikuwa imepumzika, ikazaa kwa wingi, na majahazi yakapakia nafaka kupeleka Arabuni kwa upepo wa kusi. Watu kama Salim bin Khalfan, aliyekuwa liwali, yaani gavana wa sultani, wa Malindi na baadaye wa Mombasa, walikuwa na mashamba ambayo ukisimama upande mmoja huoni mwisho wake.

Na mtama haujilimi. Kila mwaka unataka kufyeka, kutifua, kupanda, kupalilia, kuamia ndege, kuvuna, kupura. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka kusini, wengi wao nchi za Nyasa na Uyao, kupitia Kilwa. Mtumwa wa shamba alipimiwa kipande chake, ngwe, na juu yake alisimama nokoa, yaani msimamizi. Waliochoka walitoroka wakaenda bara, na vijiji vya watoro kama Fuladoyo vilijaa watu waliokuwa na majembe ya mashamba ya pwani mikononi mwao. Mkataba wa 1873 ulifunga biashara ya watumwa baharini, lakini aliyekwisha kufika shambani alibaki shambani.

Sasa nirudi kwa babu mkubwa na mkono wake. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili hivi nilimwuliza bibi: "Bibi, baba yako alichimba mashimo arobaini peke yake?" Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Akaniambia, "Baba yangu mikono yake ilikuwa laini kuliko yako." Basi. Akaendelea kukuna nazi.

Utumwa ulipofutwa kisheria huku kwetu mwaka 1907, wenye mashamba walilipwa fidia. Waliolima hawakulipwa kitu. Wengi waliondoka, wengine walibaki palepale wakilima vipande vyao. Hapo ndipo shamba letu lilipobadilika sura. Mtama ukaisha kwa kukosa mikono. Kilichobaki ni kile kisichotaka jembe kila mwaka: mnazi na mwembe. Mwembe uliopandwa kwa kokwa ukishapita miaka yake ya utoto unajitunza wenyewe, unakudai mtu wa kuangua tu msimu ukifika, na unaweza kuishi zaidi ya miaka mia. Kwa hiyo hii bustani mnayokuja kupigia picha, yenye kivuli na ndege, ni mabaki ya shamba la mtama lililokosa watumwa. Hapo mwanzo miembe ilikuwa ya kivuli tu, ya kando ya njia na kisimani. Imekuwa urithi kwa sababu kingine chote kilikufa.

Halafu ikaja karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye madai pwani ajitokeze aandikishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Aliyekuwa na shahidi, kadhi na hati ya kununulia alipata. Mahuru, yaani mtumwa aliyeachwa huru, aliyelima kipande miaka ishirini angeleta hati gani? Na Wagiriama, ambao mwaka 1914 walipigana na Waingereza wasihamishwe kutoka upande wa kaskazini wa Sabaki, wao walikuwa na hati gani? Ndipo likazaliwa neno tunalolisikia mpaka leo: skwota. Mwenye hati akamwambia mkulima, lima, nilipe ijara, panda mahindi, panda muhogo, lakini usipande mti. Mnajua kwa nini? Kwa sababu pwani yetu mti una mwenyewe wake na ardhi ina mwenyewe wake. Unaweza kununua minazi kumi katika shamba la mtu na usimiliki hata punje ya mchanga chini yake. Mtu akishapanda mwembe ameshatia mguu, humwondoi bila kumlipa.

Shikeni hilo, nitalirudia.

Babu mkubwa alipofariki aliacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja, ambaye ndiye bibi yangu. Kadhi akagawa. Nyinyi mliosoma faraidhi, yaani mirathi ya Kiislamu, fanyeni hesabu nami. Mjane mwenye watoto, thumni: miti mitano katika arobaini. Inabaki thelathini na mitano, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Wajomba wakapata kumi na minne, kumi na minne. Bibi akapata saba. Jumlisha: arobaini kamili. Hakuna mti wa kukatwa katikati, hakuna ugomvi. Wazee wetu waliisifu hesabu hiyo kama muujiza.

Kizazi kilichofuata muujiza uliisha. Bibi alitangulia, akamwacha babu na watoto. Mume, kukiwa na watoto, ana robo. Babu akapata mti mmoja na nusu.

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini tuliula huo mwembe wa nusu: msimu mmoja wa babu, msimu mwingine wa watoto, na mwaka ambao mti haukuzaa vizuri kila upande ulidai kwamba ulikuwa wa mwenzake. Naona yule kijana mwenye shati la buluu ameinua kidole. Najua swali lako. Robo ya saba ni moja na robo tatu, si moja na nusu. Ahsante. Ulifundishwa vizuri. Vuta subira.

Familia nyingine zilikimbia mgawanyo huu kwa kuweka wakfu: ardhi isiuzwe, mapato yaliwe na kizazi. Lakini mahakama za Kiingereza hazikuupenda wakfu wa familia. Mwaka 1894 Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, iliukataa katika kesi iliyotoka India, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikashikilia msimamo huohuo katika kesi iliyotoka Kenya. Yaani majaji wa London wakawaeleza Waislamu wakfu ni nini. Sisi hatukuweka wakfu, tulikuwa wavivu tu, na uvivu huo ndio ulioifanya miti igawanywe lakini ardhi ibaki moja. Hati mpaka leo ina jina la marehemu. Ofisini wananiambia ni tatizo. Mimi nasema ndiyo sababu hakuna hoteli pale.

Ya miaka ya karibuni niyapitie haraka, maana mnayaishi. Nzi wa matunda aliyeonekana Kenya mwaka 2003 ametula zaidi ya ndugu zetu. Mwaka 2014 nchi ikasimamisha maembe kwenda soko la Ulaya kwa ajili yake huyo huyo, mpaka 2021. Dalali anakuja mti ukiwa na maua anataka kuununua na vilivyomo, na ukimwambia Mtume amekataza kuuza tunda kabla halijaonyesha dalili ya kuiva, anakuambia basi chukua kama mkopo. Tumeshachukua, Mungu atusamehe.

Sasa, kijana wa shati la buluu.

Bibi alipokufa tulikuta sanduku lake, na ndani yake daftari la baba yake, kwa herufi za Kiarabu, lugha Kiswahili. Hakuandika idadi tu, aliandika miti kwa majina: mwembe wa kisimani, mwembe wa njia, mwembe wa popo. Nilihesabu majina. Thelathini na tisa. Nikahesabu tena. Pembeni ya ukurasa, kwa wino mwingine: mwembe wa mahuru, wake mwenyewe.

Kumbe mmoja wa wale waliobaki baada ya 1907 alipanda mti, na babu mkubwa, yeye wa mikono laini, aliukubali kuwa wa aliyeupanda. Aliandika. Lakini alipokufa, thelathini na tisa haikugawanyika vizuri. Arobaini iligawanyika. Mtu fulani siku ile mbele ya kadhi alisema arobaini, na hakuna aliyekohoa. Hesabu ile nzuri ilikwenda sawa kwa mti usiokuwa wetu.

Mti ule uliangukia fungu la bibi. Naye alijua. Alipokuwa mgonjwa aliita mashahidi akauacha kwa wasia kwa wajukuu wa yule mahuru. Mmoja katika saba hauzidi theluthi, na wao si warithi wake, kwa hiyo sheria haikuwa na neno. Ikabaki miti sita, na robo ya sita ni moja na nusu. Akawaachia kwa wasia kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa chake kuacha, maana njia nyingine ya kukirudisha hakuiona.

Wanakuja kila Januari, watu wawili watatu, na ngoe yao na makapu. Hawabishi hodi, wala hawana haja. Msimu uliopita mjukuu wangu, ana miaka tisa, alikimbia kuniambia kuna watu wanaangua maembe yetu. Nikamshika mkono tukaenda pamoja, nikamwambia awasalimie kwanza.

Naam. Maswali.