Waini za Kusini mwa Ufaransa, na Ile Inayoanikwa Juani

Karibuni jamani, sogeeni mezani, nyie wa nyuma mkibaki huko chupa haziwafikii na mimi mikono yangu mifupi. Kila mtu ana glasi tatu na kuna ndoo ya kutemea hapa, na kutema sio ushamba, wanaoonja kwa kazi wanatema wote, maana mtu anapitia chupa 30, 40 asubuhi moja, akimeza zote nani atamrudisha kwake. Usiyekunywa wewe nusa tu, kunusa peke yake ni nusu ya kazi.

Bordeaux sijaleta, Champagne sijaleta, hizo mnazikuta supamaketi yoyote. Nimeleta za kusini, upande wa Mediterania, kule ambako zamani walipaona kama kisima cha waini ya bei chee tu, nyekundu ya kujazia lita. Mwaka 1907 bei ilianguka mpaka wakulima wa Languedoc, eneo la hukohuko kusini, wakaingia barabarani, tarehe 9 Juni Montpellier ikafurika watu laki kadhaa, na kikosi cha 17 cha jeshi, wengi wao vijana wa hukohuko, kikaasi baada ya kusikia raia wamepigwa risasi Narbonne. Kwa hiyo mkisikia mtu anadharau waini ya kusini, mjue kuna watu walikufa kwa ajili yake.

Haya, glasi ya kwanza, hii nyeupe. Inaitwa Picpoul de Pinet, inatoka kando ya Thau, lile ziwa la maji ya chumvi karibu na Sète. Onjeni. Umeona unavyokunja uso? Kama ndimu. Na hicho ndicho kinachonifurahisha mimi, maana kwa kawaida kwenye joto zabibu inaiva inapoteza uchachu wote inabaki utamu tu, ila hii picpoul haipotezi, jua liwake vipi ukali wake upo. Alafu angalia ziwa lenyewe, limejaa chaza, wanawagandisha kwenye kamba wananing'inia majini mpaka wakue. Chaza mbichi na hii, basi, hakuna haja ya kukamulia ndimu, ndimu ipo kwenye glasi.

Ya pili ni Bandol, karibu na Toulon, hii nyekundu nzito. Zabibu yake mourvèdre, sheria inataka angalau nusu iwe hiyo, na ilale kwenye pipa la mbao miezi 18 ndio iruhusiwe kuuzwa. Wakulima wanasema mzabibu huu unataka miguu majini na kichwa juani, ndio maana unakaa vilimani unaitazama bahari. Sasa iache izunguke mdomoni. Ule ukakasi kwenye fizi, wale waliokula mabibo utotoni wanaujua vizuri, bibo likikausha ulimi mpaka unashindwa kuongea. Ni ganda la zabibu hilo na mbegu zake. Ikikaa miaka kumi unalainika, leo ni changa bado, msinilaumu.

(Kuna aliyeuliza kwa nini sijaleta Châteauneuf-du-Pape, waini maarufu ya kusini pia, inaitwa kwa jina la kijiji chake. Pesa, ndugu yangu. Ila nikupe stori yake bure: mwaka 1954 meya wa pale alitoa amri kwamba visahani vinavyoruka, vile vya watu wa sayari nyingine, marufuku kutua kwenye eneo la kijiji. Sijasikia kilichotua.)

Ya tatu ndiyo iliyonileta hapa. Banyuls, mpakani kabisa na Hispania, milima inaporomoka mpaka baharini. Nilichuma zabibu kule msimu mmoja. Mashine haipandi, ni matuta ya mawe meusi yale ya tabaka tabaka, mkono na kisu tu, na kuna upepo unaitwa tramontane unavuma mpaka unaona aibu kusimama wima. Siku ya pili niliteleza na tenga mgongoni nikamwaga zabibu zote chini, mzee niliyekuwa naye hakusema kitu, alipiga magoti akaanza kuokota moja moja, na mimi nikaokota.

Sasa inavyotengenezwa. Chachu kazi yake kula sukari ya zabibu itoe alkoholi, si ndio? Hawa hawaisubiri imalize. Sukari ikiwa bado imebaki nyingi wanamimina spiriti kali ya zabibu, alkoholi asilimia 96, chachu inakufa palepale na utamu unabaki. Ujanja huu anatajiwa daktari mmoja wa Montpellier, Arnaud de Villeneuve, karne ya 13 huko.

Lakini subiri. Kila mahali utaambiwa waini iwekwe gizani, kwenye ubaridi, isitikiswe. Hawa wanachukua michupa mikubwa ya kioo, mitumbo mviringo, wanaipanga nje, juani, mwaka mzima! Mchana inachemka, usiku inapoa, nyekundu inageuka rangi ya chai ya rangi, na nyingine inapotelea hewani, wenyewe wanaita fungu la malaika. Mara ya kwanza kuona nilidhani wamesahau kuingiza ndani.

Nuseni kwanza, msinywe. Nani kasema kitu? Halua! Dada wa Unguja kapata, halua yenyewe, na tende, na kahawa iliyokaangwa, na kokwa ya jozi kwa mbali. Na kwa vile hewa imeshaichezea kiasi hicho, ukiifungua inakaa wiki kadhaa haiharibiki, tofauti na Bandol pale ambayo kesho kutwa ishachoka.

Swali? Unauliza kuhusu mavuno ya kwetu? Ndiyo, Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, na kule Ufaransa mara moja tu, kwa sababu mzabibu wao unalala kwenye baridi na wetu haulali.

Haya chukueni chokoleti nyeusi, kipande kidogo, iacheni iyeyuke ulimini, msitafune, sasa nyweni juu yake kidogo. Nyamazeni kidogo muisikilize. Wewe mbona ushamaliza yako? Leta glasi, imebaki robo chupa.