Kilomita 240 Bila Honi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie safari yangu ya baiskeli kule Marekani, kutoka Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, hadi Cumberland, jimbo la Maryland. Njia yenyewe inaitwa Great Allegheny Passage. Ina urefu wa kilomita 240 hivi, na ukiacha vipande vichache vya mijini na mahali inapokatiza barabara, gari halina ruhusa kuikanyaga.

Sisi watu wa Tanga baiskeli tunaijua. Inatupeleka sokoni na kazini, inabeba mkaa, madafu, hata mgonjwa. Lakini tunaiendesha huku sikio liko nyuma. Lori likipiga honi, unaacha lami unaingia mchangani, na ukichelewa ni msiba. Siku ya kwanza kwenye njia ile sikio langu lilikataa kutulia. Jani likidondoka, nageuka. Jioni ndipo nilipotambua kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nasikia mto tu, na mlio wa tairi juu ya kokoto. Nilisimama, nikakaa chini. Nilikuwa sijawahi kuendesha baiskeli bila woga tangu utotoni.

Jambo la pili lililonishangaza ni mlima, kwa maana ya kwamba haukuwapo. Ramani inaonyesha safu nzima ya milima ya Allegheny, nami nilijiandaa kusukuma. Kutoka Mombo hadi Lushoto, mnajua, unapanda kiasi cha mita 1,000 ndani ya kilomita 33. Kule, kutoka Pittsburgh hadi kileleni, unapanda mita 500 na ushei, lakini zimetandazwa katika kilomita 200. Ni kama mita mbili na nusu kwa kilomita. Mguu hauzihisi. Unajua umepanda kwa sababu mto unaokwenda nao ubavuni unazidi kuwa mwembamba.

Na siri iko hapo hapo, mtoni. Unaanza na Monongahela, mto mpana wa matishari ya makaa ya mawe. Ukifika McKeesport unaingia bonde la Youghiogheny, jina ambalo wenyeji hulitamka kama Yokageni. Unaufuata huo kupitia Connellsville na maporomoko ya Ohiopyle mpaka mji mdogo wa Confluence, mito inapokutana, kisha unashika mto Casselman. Aliyechagua kukumbatia mito hivyo hakuwa mwendesha baiskeli. Alikuwa mhandisi wa reli. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza likikuta mteremko mkali, kwa hiyo reli hujipinda na bonde, na bonde likiisha, hujenga daraja au hutoboa mlima. Sehemu kubwa ya upande wa mashariki ilikuwa ya kampuni ya Western Maryland, na treni zilianza kupita mwaka 1912. Kazi ile ngumu ya jasho na baruti ndiyo inayompa leo mzee wa miaka sabini nafasi ya kuvuka milima kwa gia nyepesi.

Karibu na Meyersdale unapita juu ya daraja la Salisbury, urefu wake mita 580 hivi, bonde zima liko chini yako, ng'ombe wanaonekana kama punje. Mbele kidogo kuna kibao kinachosema umefika mita 729 juu ya bahari. Mvua inayonyesha upande mmoja wa kibao inakwenda Mississippi na Ghuba ya Meksiko. Ya upande wa pili inaingia Potomac, halafu Atlantiki. Kisha unaingia handaki la Big Savage, kilomita nzima ndani ya mlima, lina taa lakini baridi yake inapenya koti. Wakati wa baridi kali hulifunga kwa milango, maana maji yakiganda ndani ya kuta, huzipasua. Tangu kwenye kile kibao hadi Cumberland unashuka mita 545, karibu kilomita 38, bila kazi kubwa ila kushika breki.

Nataka nikae kidogo kwenye msitu. Nilipita mwezi wa kumi, majani ya mialoni yamegeuka rangi ya kutu na dhahabu. Mgeni angedhani ni msitu wa tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Milima ile ilikatwa miti vibaya sana, na bonde la Connellsville lilijaa tanuru za kuoka makaa ya mawe kwa ajili ya viwanda vya chuma vya Pittsburgh. Mahali pengine kando ya njia maji yanachuruzika kwenye mwamba yakiwa na rangi ya machungwa, kwa sababu yanatoka kwenye migodi iliyoachwa na yamebeba chuma. Uponyaji haujaisha. Lakini miti imerudi, na kwa maoni yangu ni bora kuona msitu na kidonda chake kuliko kudanganywa kwamba haujawahi kuumizwa.

Sasa, njia ilipatikanaje? Treni za kipande kile cha milimani zilisimama mwaka 1975. Reli ikifa, ardhi yake hukatwakatwa upesi: huyu anachukua kipande cha shamba, yule anajenga, na ukanda ukikatika sehemu moja tu, basi umekufa wote. Kule, taasisi ya uhifadhi iliwahi kununua sehemu ya ukanda mwaka 1978. Mwaka 1986 vikafunguliwa vipande vya kwanza vya njia, kilomita 14 na kitu, karibu na Ohiopyle. Kokoto za chokaa zilizosagwa laini na kushindiliwa, maji ya mvua yanapenya haraka, tairi halizami. Kipande cha mwisho, cha kuingia Pittsburgh, kilikamilika mwaka 2013. Hesabuni wenyewe: miaka 27.

Sheria nayo ilisaidia nchi nzima. Mwaka 1983 Bunge la Marekani liliruhusu ukanda wa reli iliyoachwa uwekwe kama akiba, utumike kama njia ya miguu na baiskeli, na treni ikihitajika tena irudi. Wenye mashamba walipinga mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi, na mwaka 1990 mahakama ikasema sheria ni halali, ila mwenye ardhi aliyepata hasara anaweza kudai fidia. Nadhani hilo la fidia ni haki, na sisi tusilisahau.

Kwetu mnaikumbuka reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ya mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango ulifutwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Lakini huko ni mbali. Wazee wa Muheza mlioko hapa mbele, mnajua ninakoelekea. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni kuelekea Sigi, kuteremsha magogo ya Usambara Mashariki. Reli haipo tena. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi bado imesimama, langoni mwa msitu wa Amani.

Yaani yale yale ya kule nasi tunayo: bonde la mto, vilima vyenye msitu, na tuta lililopimwa na mhandisi wa reli. Naomba wazee wanaojua lilipopita watuonyeshe kwa kidole, kabla minazi na nyumba hazijalifunika. Jumamosi ijayo tunaondoka kwa baiskeli kwenda kulitafuta, stendi ya Muheza, saa kumi na mbili asubuhi. Njooni na pampu, kiraka na maji ya kutosha. Mzee asiyeweza kupiga pedali tutambeba nyuma.