Mshale Hauonyeshi Juu

Mhadhara kwa walimu wa historia, Dodoma

Ahsante, mwenyekiti. Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za mchana. Wengi wenu mmeshanisikia nikiulalamikia msasa, na leo nitaulalamikia tena. Juzi fundi mmoja hapa mjini kanionyesha kwa furaha sanduku la jeshi alilolisugua mpaka likawa jeupe, kisha akalipaka vanishi. Linang'aa kweli. Halisemi kitu tena.

Tuanze na mshale uliopigwa kwenye masanduku ya jeshi la Waingereza. Mnaujua: mistari mitatu inayokutana kwenye ncha, kama unyayo wa kuku, kushoto W, kulia D. Herufi hizo ni Idara ya Vita ya Uingereza. Mshale wenyewe ni alama ya mali ya serikali yao, tena ni wa kale kuliko idara hiyo. Haukupigwa kwenye masanduku ya chakula tu: bunduki, visu, hata nguo za wafungwa wa Uingereza zilikuwa na mishale mpaka 1922. Sheria yao ya 1875 ilimhesabu mhalifu yeyote aliyeifuta alama ile kwa nia ya kuficha mali ya serikali. Fundi wangu ana bahati kazaliwa Dodoma.

Sasa kisa cha Kongwa. Mnaokijua mnivumilie. Kuna nyumba huko ina sanduku la rasheni, yaani la chakula cha askari, la mbao, wanatunzia unga. Mjukuu kaja likizo kutoka shule, kaona mshale umeelekea chini. "Babu, sanduku mmelipindua! Mshale unaonyesha juu." Mtoto kasoma, nani atabisha? Wakatoa unga, wakaligeuza. Kumbe kifuniko sasa kiko sakafuni! Badala ya kulirudisha, wakaita seremala. Akang'oa bawaba, akakipigilia misumari kifuniko cha zamani kiwe kitako, akatoboa kitako cha zamani kiwe kifuniko. Nimelikagua mwenyewe: matundu ya bawaba za kwanza yapo chini, yana kutu pembeni, na unga unachuruzika kupitia humo. Panya wa nyumba ile wanamshukuru sana mjukuu.

Najua kuna mtu hapa atasema, "Lakini hata herufi zilikuwa kichwa chini, basi mtoto alikuwa sahihi." Hapana. Maana yake ni kwamba aliyepiga stensili alisimama upande wa pili, au sanduku lilikuwa limepinduliwa wakati anapaka rangi. Kazi yake ilikuwa kusema mali hii ni ya nani. Mambo ya juu na chini hayakumhusu.

Familia hiyohiyo inasema sanduku ni ushahidi kwamba babu mkuu alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Inawezekana. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, kutoka Tanganyika walifika Burma kweli. Ila sanduku halithibitishi hilo. Hapo hapo Kongwa, mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulipoanza 1947, walileta mabaki ya vita vyao. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Mradi ukafa 1951, vitu vikabaki. Mtu aliyeng'oa visiki tu, ambaye hakuvaa kombati hata siku moja, angeweza kupata sanduku la jeshi. Alama inakuambia mwenye mali wa kwanza. Aliyelibeba mpaka jikoni kwenu, muulize bibi, tena mapema.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nakimbia. Mshale ukiwa ndani ya U, hiyo ni Afrika Kusini. Ndani ya C, Kanada. Mkiokota bati lenye U pande za Kondoa, kumbukeni kikosi cha Jenerali Van Deventer wa Afrika Kusini kilichopita huko 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kikaingia Dodoma. Ila chakula cha majeshi yale hakikutoka chote kwenye masanduku. Nafaka na ng'ombe vilitoka kwa Wagogo, wa kwanza kuchukua wakiwa Wajerumani, na ikafuata njaa ya Mtunya. Hiyo inataka siku yake.

Herufi moja, A mpaka G, kwenye sanduku la Waingereza la Vita vya Pili ni aina ya mlo. Sanduku moja lililisha watu 14 kwa siku. Na ule mwezi mwandamo kwenye katoni za Wamarekani, ambao mwalimu mmoja aliniapia kuwa ni chakula cha askari Waislamu: hapana, mwalimu! Ni alama yao ya shehena ya chakula. Imo nyama ya nguruwe humo.

Ukilipata sanduku, weka mbali maji, thina na msasa. Subiri jioni, washa tochi ya simu, iegemeze ubavuni mwa ubao ili mwanga upite kwa mshazari. Rangi iliyofifia huinuka. Piga picha pande zote sita, kitako kikiwemo.

Naona mkono kule nyuma. Bei? Swali la bei tutaongea nje, kwenye chai.