Petreli wa Mlangoni pa Auckland

Ndugu wasikilizaji, hebu kunjueni kiganja. Ndege ninayewaletea leo angeenea humo: ana gramu 35 hivi, mgongo mweusi, na tumbo jeupe lenye michirizi kama la kuchorwa kwa mkaa. Ni petreli-dhoruba wa New Zealand. Akitafuta chakula huning'iniza miguu, akayagusagusa maji kwa vidole kama mtu anayepima joto la maji ya kuoga, huku akidonoa vijidudu vya baharini.

Kwa zaidi ya miaka mia moja alihesabiwa kuwa ametoweka. Zilibaki ngozi tatu tu za karne ya 19, mbili Paris na moja Uingereza. Ukiulizwa uchore ramani ya makazi yake, ungechora makabati ya makumbusho!

Januari 2003, watazamaji wa ndege waliokuwa chomboni karibu na Whitianga, mji wa pwani wa New Zealand, walipiga picha ya petreli mdogo. Picha zilipokaguliwa baadaye ndipo mioyo ikaanza kudunda. Novemba mwaka huohuo wakaonekana tena, safari hii kadhaa, kwenye Ghuba ya Hauraki. Sasa ghuba hiyo iko mlangoni pa Auckland, jiji kubwa kuliko yote nchini humo, na boti hazikatiki. Ramani zetu za ndege wa bahari kuu, kwa maoni yangu, mara nyingi zinaonyesha watu walipotazama, si ndege alipo.

Haya, anataga wapi? Watafiti walimwaga mabaki ya samaki baharini, harufu ikamvuta, wakamnasa kwa bunduki ya kurusha wavu. Wakapekua manyoya ya tumbo. Chini yake palikuwa na kipara, ngozi tupu yenye joto, ambayo ndege huwa nayo anapoatamia. Basi yai halikuwa mbali. Wakambandika kidude cha redio, wakakesha visiwani na antena mkononi. Mwaka 2013 mawimbi ya redio yakawafikisha Hauturu, kisiwa cha msitu mnene, kilomita 80 hivi kutoka Auckland. Maadui wa ndege walikuwa wameondolewa huko: paka kufikia 1980, panya mwaka 2004.

Petreli huyu hurudi nchi kavu usiku tu. Hushuka kati ya miti, kisha hujikokota hadi shimoni mwake, maana miguu yake mirefu haimbebi vizuri ardhini. Walinzi wa hifadhi wameishi Hauturu miaka mingi. Huenda alikuwa akipita juu ya paa zao wakiwa wamelala.