Hadithi Inayojitengenezea Jana Yake: Nadharia za Wasomaji wa Gunnerkrigg Court

ATIENO: Hamjambo wasikilizaji wetu, na karibuni katika kipindi chetu cha katuni za mtandaoni, tunachokirekodi hapa Kisumu. Mimi ni Atieno, nami niko na ndugu Wafula. Leo tunaijadili Gunnerkrigg Court, kazi ya Mwingereza Tom Siddell iliyoanza kutoka mtandaoni mwaka 2005, na hasa nadharia ambazo wasomaji wamezifuma kuhusu swali moja: katika ulimwengu ule, je, hadithi husimulia mambo yaliyokwisha kutokea, au mambo yenyewe hutokea kwa kuwa yamesimuliwa?

WAFULA: Asante, dada Atieno. Kwa asiyeifahamu katuni hii, mhusika mkuu ni Antimony, msichana anayepelekwa kusoma katika shule kubwa mno, inayofanana zaidi na mji wa viwanda. Ng'ambo ya korongo kuna Msitu wa Gillitie, makao ya viumbe wa ngano, na pande hizo mbili zinaunganishwa na daraja. Katika sura ya kwanza kabisa, Antimony anagundua kwamba ana kivuli cha pili, nacho kinataka kurudi kwao msituni. Badala ya kupiga mayowe, anaunda roboti wa kukivusha.

ATIENO: Nilipousoma mwanzo huo nilijua nimenaswa.

WAFULA: Jambo jingine la kulitaja ni kwamba kwa miaka mingi kurasa zimekuwa zikitolewa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Msomaji hupewa ukurasa mmoja, kisha huachwa na muda wa kukisia, na nadharia hizi zote zimeota katika mapengo hayo.

ATIENO: Tuingie basi katika kiini. Mtawala wa msitu ni Coyote, yule mjanja wa masimulizi ya Wenyeji wa Marekani, ambaye hujigamba kwamba ndiye aliyeziweka nyota angani, na ambaye hana taabu ya kuuchukua mwezi kutoka angani kama anayechuma embe. Siku moja anamfunulia Antimony kile anachokiita siri yake kuu, kwamba yeye Coyote hayupo. Kwa maelezo yake, wanadamu wanapokufa hurudi katika etha, ile nguvu inayopita ndani ya uchawi wote, na kutokana na fikra zao hutokea viumbe kama yeye. Wasomaji walilichukua neno hilo wakaliendeleza: ikiwa watu waliamini kwamba Coyote aliziweka nyota, basi imani hiyo haikumzaa Coyote wa leo tu, bali ilirudi nyuma na kumfanya awe ameziweka kweli, tangu zamani, kabla hajakuwapo mtu wa kuamini.

WAFULA: Hapo ndipo ninaposita. Nadharia hiyo nzima imejengwa juu ya ushahidi wa shahidi mmoja, naye ni mjanja ambaye kazi yake katika kila ngano ni kuwahadaa wengine. Tungekuwa mahakamani, hakimu angeuliza kama yuko mwingine aliyeliona jambo hilo. Ninaona ajabu kwamba wasomaji makini, wanaoweza kukuonyesha kosa la kivuli katika kona ya mchoro, hulipokea neno la Coyote bila kumhoji.

ATIENO: Ushahidi wa pili upo, ila haukutoka kinywani mwa mtu. Waangalie wenzake Coyote, yaani Reynardine ambaye ni mbweha, na Ysengrin ambaye ni mbwa-mwitu. Hao walitoka katika masimulizi ya wanyama yaliyoandikwa Ulaya tangu karne ya 12, ambamo mbweha humchezea shere mbwa-mwitu bila kuchoka. Coyote ni wa bara jingine na wa watu wengine kabisa. Sasa niambie, kama viumbe hawa walizaliwa kwa njia ya kawaida, undugu wao ulitokea wapi? Ninavyoona mimi, kilichoweza kuwakutanisha ni simulizi peke yake.

WAFULA: Hoja hiyo ninaikubali, ingawa mtu anaweza kusema kwamba aliyewakutanisha ni Siddell mezani pake. Lakini hili la kurudi nyuma katika wakati bado linanitatiza.

ATIENO: Kwetu upande wa Homa Bay hatutatiziki. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa la Simbi Nyaima. Wanajiolojia husema ni kreta ya volkano iliyojaa maji. Bibi zetu husema palikuwa na kijiji, watu wakiwa katika sherehe ya pombe, akaja kikongwe wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akamkaribisha na kuonywa aondoke, na usiku maji yakakimeza kijiji. Angalia mpangilio: tunaloliona kwa macho ni ziwa, lakini simulizi likishasemwa, kijiji kinatangulia ziwa. Hadithi imejitengenezea jana yake, na mtoto aliyeisikia hawezi tena kusimama ukingoni akaona maji matupu.

WAFULA: Kinachobadilika hapo ni macho ya mtoto, dada. Tope la chini ya ziwa halikubadilika. Siddell anadai makubwa zaidi, kwamba ukichimba tope lile utavikuta vyungu vya pombe.

ATIENO: Naam, na ndiyo sababu ikaitwa katuni ya kifantasia!

WAFULA: Kwa hiyo tumtafute aliyekuwapo, naye ni Jones, mhusika mwingine wa katuni hii. Katika sura iitwayo The Stone, tunarudishwa nyuma zama hadi zama mpaka dunia ikiwa bado moto mtupu, na Jones yupo tayari, akiwa na umbo lile lile la mwanamke, ilhali hakuna mwanamke aliyekwisha kuzaliwa. Wasomaji wengi husema kwamba yeye pia ni zao la fikra za wanadamu, aliyetupwa nyuma hadi mwanzo. Ninaiona kuwa nadharia nzuri inayokwama mahali pabaya, kwa sababu Jones anaonyeshwa kuwa hana hata chembe ya etha. Mtu hawezi kuwa zao la nguvu ambayo haimo ndani yake. Naye mwenyewe hajui asili yake.

ATIENO: Zile nadharia kuhusu Antimony wawili, baada ya Ysengrin kummeza Coyote na kutokea kiumbe mpya aitwaye Loup, tuziruke. Zilichemka sana wakati wake, lakini zilihusu zaidi nani ni nani. Ninataka tumalizie na Kat, rafiki yake Antimony, fundi wa mashine, ambaye roboti wa shule humwita malaika. Wasomaji wamedai kwamba imani ya roboti inamfanya Kat kuwa mungu, kama imani ya watu ilivyomfanya Coyote.

WAFULA: Hiyo nayo ina tundu. Kwa mujibu wa siri ya Coyote, kinachoilisha etha ni wanadamu wanaokufa. Roboti hafi kwa namna hiyo. Kipande chenye akili yake hutolewa katika mwili mmoja na kutiwa katika mwingine. Wanaweza kumwabudu Kat miaka elfu bila kitu chochote kufika kwenye etha.

ATIENO: Ila umesahau anachokifanya Kat katika maabara yake. Anawatengenezea miili ya nyama na damu.

WAFULA: Ngoja kidogo.

ATIENO: Mwili wa nyama hufa. Kat anadhani anawapa roboti uhai, kumbe, ikiwa Coyote alisema kweli, anachowapa ni kifo, na pamoja na kifo anawapa njia ya kuifikisha imani yao kule ilikofika imani ya watu. Hajaombwa kuwa mungu wala hajakubali, lakini kila mwili anaoukamilisha unamsogeza huko.

WAFULA: Nadharia hiyo ninaitia sahihi, kwa sharti kwamba bado inamtegemea yule shahidi wako mjanja. Wasikilizaji, wiki ijayo tutazisoma sura za roboti na miili yao mipya, moja baada ya nyingine, tuone kama yupo hata mmoja anayekiogopa kifo.